UZI: Je, wanasiasa wazee wapimwe kumbukumbu? Kwanza tuelewe kipimo chenyewe

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia, kuna swali hurudi: mgombea akishafika umri fulani, si apimwe akili kwanza? Mtu anakosea jina la kaunti jukwaani, klipu ya sekunde 12 inasambaa, na kufikia jioni kila mtu kwa simu yake amekuwa daktari. Leo tunafungua hili suala. Sheria ya hizi nyuzi mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta jina kwa majibu, naruka.

2/ Hoja ziko mbili, na zote zina uzito.
Wa kwanza wanasema: rubani hupimwa afya kabla ya kupewa leseni, mbona mtu anayeshika bajeti ya nchi asipimwe?
Wa pili wanasema: huo ni ubaguzi wa umri, na kesho mtaanza kumpima kila mzee msiyempenda.
Lakini pande zote mbili zinaamini kitu kimoja bila kukichunguza: kwamba kuna kipimo ambacho mtu akikaa nacho dakika kumi, jibu linatoka, mzima ama mgonjwa. Hicho ndicho tunaangalia leo.

3/ Tuanze na neno. Demenshia ni jina la hali: kumbukumbu, lugha na uwezo wa kufikiri vinapungua mpaka maisha ya kila siku yanavurugika. Magonjwa yanayoileta ni mengi. Alzheimer ndio inaongoza. Ingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, kwa mfano baada ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na hali hii, na wengi wao wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani nchi kama zetu.

4/ Kusahau kwenyewe si ugonjwa. Kutafuta funguo na ziko mfukoni, kuita mtoto wa tatu kwa jina la wa kwanza, hayo ni ya kila mtu. Daktari anashtuka mambo yakibadilika kulinganisha na vile huyo mtu alikuwa. Mama aliyepika maisha yake yote sasa hajui chumvi inaingia lini. Mzee aliyetembea njia ya sokoni miaka 40 sasa anapotea hapo hapo. Shika hiyo "kulinganisha na vile alikuwa", manake itarudi.

5/ Sasa vipimo. Cha zamani kinachojulikana sana ni MMSE, kilichapishwa 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh. Alama ni 30. Unaulizwa mwaka, tarehe, uko wapi. Unapewa maneno matatu uyakumbuke. Unahesabu kurudi nyuma kutoka 100 ukitoa saba saba. Unafuata maagizo, unaandika sentensi, unachora umbo. Kwa miaka mingi, aliyepata chini ya 24 alitiliwa shaka.

6/ Kingine ni MoCA, kilichoundwa Montreal, Canada, na daktari Ziad Nasreddine, kikachapishwa 2005. Hiki ndicho watu wa siasa wanapenda kutaja, manake Januari 2018 matokeo ya kiongozi mmoja wa Marekani yalisomwa mbele ya waandishi wa habari: 30 kwa 30. Tangu siku hiyo, watu wengi huku nje wanakichukulia kama mtihani wa kupima nani ana akili nyingi. Sivyo. Kiliundwa kunasa dalili ndogo za mwanzo ambazo MMSE ilikuwa inaziachilia zipite.

7/ Ndani ya MoCA kuna nini? Unaunganisha namba na herufi kwa mpangilio. Unanakili mchemraba. Unachora uso wa saa. Unataja wanyama kwa picha. Unarudia namba, mbele kisha kinyume. Unapewa maneno matano, unafanya mambo mengine kama dakika tano, kisha unaulizwa yale maneno. Hayo matano yana alama 5. Kujua leo ni tarehe gani na uko wapi kuna alama 6. Ukipata 26 kwenda juu, kwa kawaida unahesabiwa kuwa sawa.

8/ Mwenye masomo ya miaka 12 au chini anaongezewa alama moja. Sasa piga hesabu ya 8-4-4: msingi minane, sekondari minne, jumla 12. Kwa hivyo aliyemaliza Form Four anapata ile alama moja. Na shosho ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja anapata ngapi? Hiyo hiyo moja. Mchemraba anaochorewa ni ule ule, na penseli anayopewa labda ndiyo ya kwanza kushika mwaka huu.

9/ Hapo ndipo tatizo la kwanza linaanza: shule. Kunakili mchemraba, kutoa saba saba, kuunganisha 1 na A kisha 2 na B, haya ni mazoea ya darasani. Msomi mwenye ugonjwa unaoanza anaweza kupita vizuri kwa sababu amezoea mitihani na ubongo wake una akiba. Mkulima mwenye akili timamu anaweza kuanguka. Wote wawili wanatoka pale na karatasi inayowasema vibaya.

10/ Tatizo la pili ni lugha, na hapa Waswahili tuna mfano wetu mtamu. MoCA inaambia mtu achore saa, aweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Kwa Kiingereza unasikia "kumi na moja" na mshale unaenda kwa 11. Kwa Kiswahili unasikia "tano" lakini mshale lazima uende kwa 11. Mzee akiuweka kwa 5, je, amesahau, ama amefuata sikio lake? Na anayepima asipojua kutofautisha, alama imeenda.

11/ Endelea. MMSE huuliza sasa ni majira gani ya mwaka. Waliolitunga swali walikuwa na majira manne ya kwao, yenye baridi na theluji na majani yanayoanguka. Sisi tunahesabu mvua. Kuna pia sentensi ya kurudia ambayo ni msemo wa Kiingereza, ukiutafsiri neno kwa neno unabaki na maneno matupu. MoCA nayo kwa Kiingereza inataka maneno yanayoanza na herufi moja ndani ya dakika. Kwa lugha ambayo majina mengi huanza na m- au ki-, na vitenzi ukivitaja huanza na ku-, ugumu wa huo mchezo unategemea sana umepewa herufi gani.

12/ Kwa hivyo kutafsiri karatasi hakutoshi. Kipimo kinafaa kijaribiwe upya kwa watu wa lugha hiyo na maisha hayo, ndipo ijulikane mzima wa kule hupata ngapi. Watafiti wameliona hili kitambo. Kuna kundi la kimataifa linaitwa 10/66. Jina lenyewe ni malalamiko: karibu asilimia 66 ya wenye demenshia wako nchi zinazoendelea, lakini chini ya asilimia 10 ya utafiti ulikuwa unawahusu hao.

13/ Afrika hatujakaa mikono mitupu. Majirani zetu wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walishiriki kazi iliyozaa kipimo cha IDEA, ambacho kimejaribiwa Tanzania na Nigeria. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Unaulizwa daraja ni nini. Leo ni siku gani. Kiongozi wa kijiji ni nani. Unataja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Unakumbuka orodha ya maneno kumi. Na badala ya kuchora mchemraba, unapewa njiti nne za kiberiti upange umbo kama uliloonyeshwa. Alama ni 15.

14/ Ona mantiki yake. Njiti za kiberiti kila mtu ameshika. Kiongozi wa kijiji kila mtu anamjua. Wanyama kila mtu amewaona. Akishindwa hapo, kuna sababu ya kuuliza zaidi. Na hapo Hai, utafiti wa nyumba kwa nyumba wa 2009 na 2010 kwa watu wa miaka 70 kwenda juu ulikadiria wenye demenshia kuwa asilimia 6.4. Kwa hivyo wale wanaosema ati huu ni ugonjwa wa wazungu, takwimu zinawakataa.

15/ Huku kwetu pia, Nyeri, watafiti waliwahi kutumia kwa Kikuyu kipimo kinachoitwa CSI-D. Ninachokipendea ni kwamba kina sehemu mbili: mzee anaulizwa, kisha jamaa anayeishi naye anaulizwa pembeni. Bado anashika hesabu za pesa? Amebadilika tabia? Hiyo ndiyo ile "kulinganisha na vile alikuwa" ya pale namba 4. Karatasi peke yake haijui alikuwa nani.

16/ Sasa tatizo la tatu, la hesabu. Huu ni mfano wa kufafanua tu, namba zimerahisishwa. Chukua wazee 1,000. Tuseme 60 wana demenshia. Tuseme kipimo chako ni kizuri: kinanasa wagonjwa 9 kwa kila 10, na kinakosea kwa mzima 1 kwa kila 10.
Wagonjwa walionaswa: 54.
Wazima walioambiwa wana shida: 94.
Jumla ya walioanguka ni 148, na karibu wawili kwa kila watatu hawana ugonjwa!

17/ Soma hiyo tena, manake ndiyo moyo wa uzi huu. Kipimo kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado wengi wa walioanguka wakawa wazima. Ndiyo sababu madaktari wanakiita uchunguzi wa awali. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: anakusimamisha, anakuuliza unaenda wapi. Hukumu haitolewi getini.

18/ Baada ya geti kuna nini? Daktari anauliza historia. Anaangalia dawa unazotumia. Anapima damu, manake tezi ya shingo ikilegea, ama ukikosa vitamini B12, unaweza kusahau kama mwenye demenshia, na hayo yanatibika. Huzuni kali inafanya hivyo pia. Maambukizi kwa mzee yanaweza kumchanganya kwa siku mbili tu. Wakati mwingine tatizo ni masikio: mtu hakusikia swali! Picha ya ubongo inaweza kufuata. Ni safari, na inaweza kuchukua miezi.

19/ Na kinyume chake kipo. Kuna aina ya demenshia inayoanza kwa tabia: mtu anapoteza aibu, anakuwa na pupa, haoni uchungu wa mwenzake, na kumbukumbu iko sawa. Huyo anaweza kukumbuka maneno yote matano na kuondoka akitabasamu. Kwa hivyo alama kubwa nayo isigeuzwe bango la kampeni. Maneno matano hayapimi kama mtu anaweza kusoma ripoti ya deni la nchi, ama kama atakataa hongo.

20/ Sawa, turudi siasani. Katiba yetu ya 2010 inasemaje? Haina umri wa juu wa kugombea urais. Majaji wana kikomo, miaka 70, lakini rais na mbunge hawana. Kifungu cha 99 kinamzuia kugombea ubunge mtu asiye na akili timamu, na ukizuiwa ubunge, urais pia umezuiwa. Kifungu cha 27 nacho kinakataza ubaguzi kwa sababu ya umri au hali ya afya. Hizo ndizo nguzo mbili tunazotembea katikati yake.

21/ Na rais akiwa tayari ofisini? Hapo kuna Kifungu cha 144, ambacho watu wachache wamekisoma. Hatua ni hizi:
• Mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa anawasilisha hoja uwezo wa rais, wa mwili au wa akili, uchunguzwe.
• Ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote, Spika anamjulisha Jaji Mkuu ndani ya siku mbili.
• Jaji Mkuu ana siku saba kuunda jopo la watu watano.

22/ Watano hao ni nani? Madaktari watatu, wanaoteuliwa na chombo kinachosimamia taaluma yao. Wakili mmoja wa Mahakama Kuu. Na mmoja anayeteuliwa na rais mwenyewe. Asipomteua, jamaa wa familia anafanya hivyo. Jopo lina siku 14 kutoa ripoti, na ripoti haikatiwi rufaa. Likisema rais anaweza kazi, mambo yameisha. Likisema hawezi, Bunge linapiga kura. Muda wote huo rais anaendelea na kazi.

23/ Angalia vile waliotunga kifungu hiki walikuwa na tahadhari. Bunge peke yake halitoshi, manake lina maadui wa rais. Daktari mmoja hatoshi, manake anaweza kununuliwa ama kutishwa. Na hakuna mahali katiba imeandika "apate alama 26". Wameacha wataalamu wamtazame mtu mzima mzima, kazi yake na hali yake. Linganisha hiyo na klipu ya sekunde 12.

24/ Kwa hivyo mtu akisema jukwaani "fulani apimwe", muulize maswali manne:
Nani anapima, daktari wa chama ama jopo huru?
Kwa lugha gani, na kipimo kimejaribiwa kwa watu wa hapa?
Nani ataona matokeo? Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na siri ya afya haipotei kwa sababu mtu ni maarufu, ingawa umma nao una haki ya kujua kama kiongozi anaweza kazi.
Matokeo yanaamua nini: mtu aondolewe, ama achunguzwe zaidi?
Asipokuwa na majibu, anatafuta makofi tu.

25/ Msimamo wangu, na mko huru kuupinga: sioni ubaya wagombea wote, wa miaka 35 na wa miaka 80, kuchunguzwa afya na jopo huru linalotoa jibu la jumla tu, anaweza kazi ama kuna la kufuatilia. Ikiwa ni wazee peke yao, hiyo ni siasa imevaa koti la daktari. Na mpiga kura tayari ana kipimo chake. Anaelewa swali aliloulizwa? Anajibu mwenyewe, ama kuna mtu anamnong'onezea kila wakati? Hiyo unaiangalia kwa miezi, si kwa klipu.

26/ Mbona nasumbuka na hii kitu? Manake haibaki jukwaani. Tukifanya "demenshia" kuwa tusi, familia yenye mzee anayesahau inamficha. Na kuna mahali inakuwa hatari zaidi. Mzee anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake, asiyewatambua majirani, mbele ya watu wasiojua ugonjwa huu anaitwa mchawi. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi wazee wameishi na hofu hiyo kwa miaka mingi. Neno tunalolichezea lina uzito huo.

27/ Upande mwingine wa nyumbani ni shamba. Watoto wakigombania urithi, utasikia "mzee alikuwa amechanganyikiwa alipoandika wosia". Sheria ya Urithi, sehemu ya 5, inaanza kwa kumchukulia mwandishi wa wosia kuwa timamu. Anayedai vinginevyo ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha, na kinachoangaliwa ni kama alijua anachofanya wakati ule alipoandika. Karatasi ya alama 19 ya mwaka jana haimalizi kesi hiyo. Wala haimpi mtoto ruhusa ya kumshikisha baba kalamu atie sahihi asichokielewa.

28/ Kama una mzee nyumbani na umeona mabadiliko: andika ulichoona na kilianza lini. Beba dawa zake zote, hata za mitishamba. Nenda naye hospitali, aende na mtu anayeishi naye, manake huyo ndiye anayejua alikuwa nani. Macho na masikio yaangaliwe kwanza. Omba aulizwe kwa lugha yake. Na akikosa maswali, usimcheke pale mbele ya daktari. Shikamoo yake bado ni yake.

29/ Kwa kifupi: kipimo cha kumbukumbu ni swali la kwanza. Kinategemea shule, lugha na anayekishika. Kuanguka si ugonjwa, kupita si sifa za uongozi, na klipu si kipimo kabisa. Kwa urais, katiba imeweka njia yake, isomeni.

30/ Uzi ujao: kuwarudisha wabunge nyumbani kabla ya muda wao. Katiba inaruhusu, mbona hatujawahi kuona ikitokea? Maswali ya leo weka hapo chini, nitajibu nikitoka darasani. Na kama kuna muuguzi ama daktari hapa anayepima wazee kwa Kiluo, Kikamba, Kigiriama ama lugha nyingine yoyote ya nyumbani, tuambie ile saa mnaichoresha vipi.